'Weka Zote' Ilizama Shimo la 12

Nimechoka na injili ya weka zote. Unaijua. Iko kwa kila video ya dakika moja yenye piano ya huzuni chini yake: jamaa amesimama mbele ya gari la kukodi, anakwambia acha kazi, acha shule, uza simu, weka zote. Ukisita hata kidogo, wewe ni mwoga na utakufa ukiwa unaajiriwa. Na wakitaka mfano wa kijana aliyeweka zote, wanamtafuta mtu kama mimi. "Si unaona huyo aliacha kampo akashika kamera? Aliruka bila kuangalia chini."

Buda, niliangalia chini. Niliangalia sana. Siku naacha chuo nilikuwa na wateja watatu wanaolipa, kodi ya miezi minne imekaa pembeni, na kamera ambayo hakuna mtu alikuwa ananidai. Nilipiga hesabu kwanza, ndio nikatoka. Kwa hivyo msinifanye bango la kumshawishi mtoto wa mtu atupe pesa ya fees kwa ile ndege ya kubet ati kwa sababu "mashujaa hawaogopi."

Leo nitawajibu kwa kutumia mchezo ambao hamkutarajia. Gofu.

Tulia, usitoke. Najua kwetu gofu ni ukuta. Muthaiga na Mathare zinatenganishwa na Thika Road, na bado kuna vijana wamekulia upande mmoja na hawajawahi kuona nyasi za upande ule mwingine. Najua pia unadhani ni wazee wa tumbo wakitembea polepole. Lakini mbio za Kenya Open zimekuwa hapa tangu 1967, na walioshinda si watu wadogo. Seve Ballesteros alishinda 1978. Ian Woosnam, 1986. Trevor Immelman, 2000. Wote watatu baadaye walivaa koti la kijani la Masters kule Augusta, Georgia, Marekani: Seve 1980 na 1983, Woosnam 1991, Immelman 2008. Njia ya kwenda kwa lile koti imepita Nairobi mara tatu, na sisi tuko hapa tunaambiana ni mchezo usiotuhusu.

Sasa, mbona Augusta? Kwa sababu Masters inachezwa pale pale tangu 1934, mashimo ni yale yale 18, na kila shimo lina kaburi la mtu aliyeweka zote. Ukitaka maabara ya kupima hiyo injili, hii ndiyo.

Sheria ni rahisi. Kila shimo lina idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kutumia hadi mpira uingie. Inaitwa paa. Augusta yote ni paa 72. Unacheza siku nne, mwenye mikwaju michache anachukua koti. Hakuna pointi za urembo. Hakuna mtu anakuongezea alama kwa sababu ulipiga mbali au umati ulipiga nduru. Weka hiyo kichwani, kwa sababu ndiyo kitu watu wa weka zote hawataki ujue kuhusu maisha: ubao unahesabu, haushangilii.

Tuanze na shimo la 2, paa 5. Mwaka wa 2012, siku ya mwisho, Louis Oosthuizen alipiga mkwaju wa pili kutoka karibu yadi 250, mpira ukatua mbele ya grini, ukafuata mteremko, ukaingia. Mikwaju miwili kwenye paa 5! Kitu kama hicho kilikuwa kimetokea mara tatu tu katika historia yote ya Masters. Video iko, itafute. Halafu jiulize nani alivaa koti jioni. Hakuwa yeye. Aliishia sare na Bubba Watson na akapoteza kwa mashimo ya ziada. Mkwaju mtamu zaidi wa wiki nzima na akaenda nyumbani na nguo zake. Kitu kimoja kikubwa hakibebi mengine 71.

Shimo la 3, paa 4, yadi 350. Hii ni fupi kwa watu wa kiwango chao. Mwenye nguvu anaweza kuchukua draiva, ile fimbo ndefu ya mbali, na kuufikisha mpira karibu kabisa na grini. Na wengi wenye akili hawafanyi hivyo. Kwa nini? Grini imekaa juu ya kilima, na upande wa kushoto ni nyembamba kama benchi. Ukiwa karibu sana, unabaki na mkwaju wa nusu nguvu wa kupandisha mpira kwa kijisehemu kidogo: ukipungua kidogo, mpira unarudi hadi miguuni pako, ukizidi kidogo, unapitiliza nyuma. Kwa hivyo wanachukua fimbo fupi, wanaacha mpira mbali kiasi, ndio mkwaju wa pili uwe ule wanaoujua wakiwa usingizini. Wanakubali kuwa nyuma ili wapate pembe nzuri. Mtaani tungewacheka. "Ameogopa huyo." Kisha tungeandika nne na sisi sita.

Shimo la 9 ni lugha hiyo hiyo. Grini imeinamia upande wako. Mpira ukitua mbele tu kidogo, unateremka kama maji kwenye mabati. Mwaka wa 1996 Greg Norman aliingia siku ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju sita. Pale tisa mpira wake uligusa grini, ukasimama kama unafikiria, ukarudi chini. Alimaliza siku na 78, Nick Faldo akapiga 67, na uongozi wa sita ukageuka kuwa kushindwa kwa tano. Kinachonigusa kuhusu Faldo siku hiyo ni kwamba hakuna mkwaju wake mmoja watu wanaukumbuka kama wa miujiza. Alikuwa tu anaweka mpira mahali panapofaa, shimo baada ya shimo, hadi mwenzake akaisha.

Halafu unaingia kule bondeni. Shimo la 11, 12 na 13.

Kumi na moja ni paa 4 ndefu, na kuna bwawa mbele kushoto kwa grini. Ben Hogan, mmoja wa watu waliowahi kupiga mpira vizuri kuliko wote, alikuwa akisema kwamba ukiona mpira wake uko juu ya grini hiyo kwa mkwaju wa pili, ujue amekosea. Alikuwa analenga makusudi nje, kulia, kwenye nyasi, halafu anausogeza mpira taratibu. Bingwa, anakosa kwa makusudi! Na 1987 Larry Mize, mtu aliyezaliwa Augusta, alikuwa shimo hilo hilo kwenye mashimo ya ziada dhidi ya Norman. Mpira wake ukaenda kulia, mbali, karibu futi 140 kutoka kwa bendera. Norman yuko vizuri zaidi. Mize akausukuma kwa mteremko, ukatembea, ukatembea, ukaingia. Sasa utaniambia ilikuwa bahati. Kuingia kulikuwa bahati, sikatai. Lakini bahati ilimkuta kwa nchi kavu. Angekosea kushoto, bahati ingekuja ikute mpira uko chini ya maji na mamba wa mawazo.

Kumi na mbili. Hapa ndipo kesi inaisha.

Yadi 155. Paa 3. Ndilo shimo fupi kuliko yote uwanjani. Hawa ni watu wanaopiga yadi 300 wakipiga miayo. Mbele ya grini kuna kijito kinaitwa Rae's Creek. Grini yenyewe ni nyembamba, na imekaa mshazari: upande wa kulia uko mbali zaidi kuliko wa kushoto. Sasa angalia ujanja wake. Mchezaji wa mkono wa kulia akikosea kuelekea kulia, mpira huwa unapungukiwa na urefu. Yaani unaenda mfupi pale pale panapohitaji urefu. Unaanguka kwa ukingo, unateremka, maji. Na upepo unazunguka kwa miti, unasikia hivi na bendera inaonyesha vile. Jumapili wanaweka bendera wapi? Kulia, bila shaka. Inakuita kama ile odi ya 50.

Mwaka wa 2016 Jordan Spieth, bingwa wa mwaka uliotangulia, alianza mashimo tisa ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju mitano. Pale 12 akatumbukiza mipira miwili. Saba kwenye paa 3. Koti likaenda kwa Danny Willett.

Mwaka wa 2019, Jumapili, Francesco Molinari anaongoza. Brooks Koepka amepita, maji. Ian Poulter, maji. Molinari mwenyewe, maji. Tony Finau, maji. Watu wanne kati ya wale waliokuwa wanagombea koti, wote mto ule ule. Tiger Woods akasimama hapo. Msee wa miaka 43, amefanyiwa upasuaji wa mgongo mara nne, miaka 11 bila taji kubwa. Kama kuna mtu dunia nzima ilikuwa inataka aweke zote, ni yeye. Akalenga kushoto, katikati ya grini, juu ya ule mchanga, mbali kabisa na bendera. Mkwaju wa kuboesha. Hakuna mtu alipiga nduru. Akachukua tatu zake akaondoka, na uongozi ulikuwa umeshafutika bila yeye kufanya muujiza wowote. Saa chache baadaye alikuwa anamkumbatia mtoto wake na koti la tano.

Tiger huyo huyo alirudi mwaka uliofuata akapiga kumi pale 12. Kumi! Shimo halijui jina lako. Ndiyo maana unacheza hesabu kila siku na huchezi sifa ya jana.

Shimo la 13 na la 15 ni paa 5 zenye maji mbele ya grini, na ndizo zinatumika sana na wahubiri wa weka zote, kwa hivyo wacha nizikabili. Ukiwa na nguvu, unaweza kufika grini kwa mikwaju miwili. Au unaweza kuweka mpira mfupi kabla ya maji, halafu uuvushe kwa mkwaju mdogo.

Wataniambia: Phil Mickelson, 2010! Shimo la 13, mpira uko kwa majani ya msonobari, mti mbele yake, na bado akachukua fimbo namba 6 akapitisha katikati ya miti hadi futi chache kutoka kwa shimo. Ndio, nimeitazama kama mara ishirini, ni noma. Lakini wahubiri hukata video hapo. Wacha iendelee. Phil alikosa ule mpira mfupi uliobaki na akaandika nne. Nne ndiyo ile ile anayopata mtu aliyeweka mfupi, akavusha vizuri, akatumbukiza. Ujasiri wote ule ulinunua kitu kinachouzwa pia kwa bei rahisi.

Unataka ushahidi wa bei rahisi? Zach Johnson, 2007. Hakuwa mtu wa kupiga mbali. Augusta ina paa 5 nne, siku nne, hiyo ni mara 16 za kuchagua. Mara zote 16 akaweka mfupi. Zote. Hakujaribu hata moja kufika kwa mikwaju miwili. Na kwa hayo mashimo 16 alikuwa 11 chini ya paa. Akashinda kwa mikwaju miwili, na kati ya waliomfuata alikuwa Tiger Woods. Sikia tena: mtu aliyekataa kuweka zote mara 16 mfululizo alimshinda mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, kwa mashimo ambayo nguvu ndiyo ilifaa kutawala. Hiyo video ya dakika moja hamtawahi kuiona, kwa sababu haina piano ya kuiwekea.

Upande mwingine, Sergio Garcia, 2018, bingwa mtetezi, shimo la 15. Akalenga grini, maji. Akaweka mpira mwingine, maji. Mwingine. Mwingine. Mwingine. Mipira mitano. Kumi na tatu kwenye paa 5. Siku ya kwanza ya mashindano na yeye ameshakuwa mtalii.

Sasa wacha niwe mkweli na nyinyi, kwa sababu sitaki kubadilisha injili moja kwa nyingine. Kuna siku kuweka mfupi ni ujinga. Mwaka wa 1993 Chip Beck alifika 15 akiwa nyuma ya Bernhard Langer kwa mikwaju mitatu, mashimo yamebaki manne. Akaweka mfupi. Hapo ukinyamaza unapoteza, hakuna kitu unalinda. Watu bado wanamlaumu hadi leo na nadhani wako sawa. Na 2025 Rory McIlroy aliweka mfupi pale 13, kwa akili kabisa, halafu mkwaju mdogo wa watoto ukamponyoka ukaingia Rae's Creek. Dakika chache baadaye, pale 15, hesabu ikawa imebadilika, akapinda mpira kuzunguka miti hadi grini, na jioni akashinda. Mtu yule yule, siku ile ile, mara moja mfupi na mara moja mbali.

Hiyo ndiyo pointi yangu yote. Swali si kama uko na roho. Swali ni matatu: uko wapi kwa ubao, ukikosea mpira unaangukia wapi, na je, unaweza kucheza tena kutoka hapo? Ukikosea kulia kuna nyasi, piga kwa raha. Ukikosea kulia kuna maji, lenga kushoto hata kama bendera inakuita kwa jina la mamako.

Rudi nyumbani sasa. Pesa ya HELB ikiingia, ukiweka yote kwa mechi moja, ukikosea unaangukia wapi? Majini. Hakuna mkwaju mwingine, mwenye nyumba hataki kusikia hadithi. Ukiacha kazi ya shilingi elfu kumi na tano uwe kreata na huna hata mteja mmoja, unaangukia wapi? Lakini ukiwa na miaka 20, unaishi kwa mzazi, na unataka kutumia wikendi zako zote kujifunza kuhariri video? Piga draiva, msee. Ukikosea, umepoteza wikendi. Nyasi tele.

Na kuna kitu kingine kuhusu akili ya uwanja ambacho hakisemwi. Hadi 1982, kila mchezaji wa Masters alilazimika kutumia wabeba mikoba wa Augusta yenyewe. Walikuwa watu weusi. Klabu haikuwa na mwanachama mweusi hata mmoja hadi 1990, na mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, aliingia Masters 1975. Lakini nani alijua grini inainama wapi? Nani alimnong'onezea bingwa, "usiangalie hapo, lenga pale"? Carl Jackson alibeba mkoba wa Ben Crenshaw aliposhinda 1984, na tena 1995 Crenshaw akiwa na miaka 43. Mwenye mkoba aliweka jina kwa ubao. Ramani ilikuwa kwa kichwa cha aliyeubeba.

Ndivyo ilivyo hapa pia. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakibeba mikoba ya wengine. Walisimama miaka kwa jua wakiona nani anaanguka wapi. Kwa hivyo mtu akikwambia mtoto wa ghetto kazi yake ni kujitoa mhanga kwa sababu hana kingine, mwambie anatuchukulia vibaya. Mtu asiye na mipira ya ziada ndiye anafaa kujua ramani kuliko wote. Tajiri akitumbukiza mitano, gari lina mingine.

Tiger alifika shimo la 18, Jumapili ile ya 2019, akiwa mbele kwa mikwaju miwili. Paa 4. Angeweza kulazimisha mambo ndio picha ya mwisho iwe kali. Akaandika tano. Moja zaidi ya paa, tena shimo la mwisho, dunia nzima inatazama. Akashinda kwa mmoja.

Tano mbaya, koti zuri. Waambie hao wa piano waitengenezee video.